Kibuyu Kilichoitwa Shahidi

Mwalimu alikuwa na swali moja, na alilitumia kama walimu wengine wanavyotumia fimbo: "Umeona au umeambiwa?" Ukimwambia mvua imenyesha Kinyangiri, atakuuliza. Ukimwambia mwenzako hakuja kwa sababu ana homa, atakuuliza. Siku moja msichana mwenzangu, maana tulikuwa wasichana wawili tu katika darasa la sita, alimwambia kwamba bibi yake amefariki. Mwalimu akafungua mdomo, na sote tuliona swali limeshafika kwenye meno. Akalimeza. Akasema, "Nenda nyumbani, mwanangu." Ndiyo mara pekee niliyomwona akilimeza.

Nimeanza na swali lake kwa sababu nimejaribu kuanzia mahali pengine mara nyingi, na kila mara nimechana karatasi. Huo ni ugonjwa wangu. Mstari ukipinda, nachana ukurasa mzima. Alikozaliwa Mwalimu sikujui, na watu wa ukoo wake sikuwaona. Nitaandika niliyoyaona tu. Na kwa kuwa huko mbele kuna jambo nililolifanya mimi, afadhali niseme mapema kwamba simwandiki kwa moyo uliotulia.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na koti moja la kaki alilolifua kila Jumamosi mpaka likawa na rangi ya vumbi la barabarani. Mfuko wa kulia ulijaa vipande vya penseli vifupi kama vidole vya mtoto. Mfuko wa kushoto ulikuwa na sindano ya kushonea magunia, ambayo aliitumia kupasua punje za mtama atazame ndani. Alihesabu kila kitu. Alijua ni hatua ngapi kutoka mlangoni kwake hadi darasani, na matone mangapi yanajaza kikombe paa likivuja. Wazee walisema hana adabu kamili. Anaamkia vizuri, shikamoo yake haina kasoro, lakini kabla mzee hajamaliza kusema marahaba, anaulizwa shina moja la mtama wake limezaa masuke mangapi.

Hata hivyo, mtu huyo aliyehesabu kila kitu hakukubali kuhesabu watoto wake. Mgeni akimuuliza, "Una watoto wangapi, Mwalimu?" alijibu, "Wapo." Mvulana mmoja mwenye utundu alimkumbusha darasani kwamba "wapo" si namba. Tulidhani atachapwa. Mwalimu alitazama ubao, akasema, "Kuna vitu ukivihesabu vinasikia." Kisha akaendelea na sehemu za jani. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na vichuguu viwili vidogo vilivyozungushiwa mawe. Tulivijua, hatukuvitaja.

Aliwachapa watoto, sitaki kumpamba. Lakini hakuchapa kwa jibu baya. Alichapa kwa jibu zuri lililonakiliwa. Ukikosea hesabu kwa akili yako mwenyewe, alikaa karibu nawe kwenye benchi, koti lake likinuka sabuni na majivu, akafuatana nawe kosa kwa kosa mpaka mlipofika pale ulipopotea. Ukipata kwa kuchungulia, viboko vitatu. Nilichapwa mara moja, na nilistahili. Mimi nilikuwa mtoto wa kupata, sikuweza kulala nikiwa nimekosa. Mwalimu aliliona hilo mapema. Alinirudishia daftari siku moja akaniambia, "Wewe unaandika vizuri mno. Mwandiko wako unanitia wasiwasi."

Niliichukua kama sifa.

Sasa nieleze habari ya vibuyu.

Mwaka ule, kabla ya kilimo, watu wengi walifungua vihenge vyao wakakuta mbegu imekuwa unga. Fukusi, wale wadudu wa nafaka, walikuwa wameibungua yote. Bwana Shamba, yule Mwingereza kijana aliyesimamia kilimo katika sehemu zetu, akatoa shauri kwamba watu wa vijijini hawawezi kutunza mbegu. Baada ya mavuno, kila nyumba ipeleke mbegu yake kwenye ghala la baraza, ifungiwe huko kwa kufuli, igawiwe mvua ikianza. Watu walinung'unika. Mbegu ya nyumba haikai kwa mtu mwingine. Mama yangu alisema angeona afadhali apeleke godoro lake.

Mwalimu hakunung'unika. Aliandika barua. Alimweleza Bwana Shamba kwamba wanawake wa huku huchanganya mbegu na majivu yaliyochekechwa, na kwamba walioharibikiwa ni wale waliokuwa na haraka au uvivu wa kuchekecha. Jibu lilikuja: hizo ni habari za kusikia. Mwalimu alitusomea barua ile akitabasamu kidogo, kwa sababu Bwana Shamba alikuwa amemuuliza swali lake mwenyewe. Wakakubaliana hivi. Siku ya maonyesho ya shule, mwezi wa tisa, watoto wa darasa la sita wataonyesha jaribio walilolifanya majumbani mwao. Likithibitisha kwamba majivu yanalinda mbegu, Bwana Shamba ataviacha vijiji vyetu vitunze mbegu vyenyewe. Lisipothibitisha, ghala.

Tulikuwa kumi na wawili. Tulitumia siku tatu kulipanga jaribio, na hizo ndizo siku nilizomwona Mwalimu akifurahi. Hakutuambia la kufanya, alituuliza. Vibuyu vingapi? Viwili, tukasema. Kwa nini si kimoja? Kwa sababu tukiwa na kimoja chenye majivu na kisibunguliwe, huenda mwaka huu hakuna fukusi. Mtama wa shamba moja au mashamba mawili? Shamba moja. Mama akikiweka kimoja juani na kingine kivulini? Hapana, pamoja, juu ya uchaga uleule. Tufungue lini? Kila wiki mbili. Tuhesabu zote? Mtu akasema zote, tukacheka, tukakubaliana punje mia moja, zenye matundu zitengwe, namba iandikwe siku ileile.

Kilichotushinda ni jina la kibuyu kisicho na majivu. Kitabu cha Kiingereza cha Mwalimu kilikuwa na neno lake. Alisema akilitafsiri linakuwa "utawala," na utawala tunao wa kutosha. Alilala na shida hiyo siku mbili. Asubuhi ya tatu akaja na neno.

"Shahidi," alisema. "Hatumfanyi lolote. Hatumsaidii, hatumdhuru. Anakaa pale, anaona yanayompata, na mwisho anasema. Bila yeye hakuna wa kuamini majivu."

Tukalipenda. Nililiandika nyumbani juu ya kibuyu kwa mkaa, herufi kubwa, nikazifuta mara mbili kwa sababu H haikukaa sawa.

Mama alikuwa hajui kusoma, akaniuliza nimeandika nini.

"Shahidi."

"Shahidi wa nani? Nani ana kesi?"

"Si kesi, Mama. Ni mambo ya shule."

"Na atakayemsikiliza ni nani?"

"Bwana Shamba, siku ya maonyesho."

Mama akamtazama Baba. Miaka miwili nyuma, Baba alitengenezeshwa barabara siku kumi na nne kwa sababu hakulima muhogo wa lazima. Shahidi alisimama mbele ya baraza akasema ameona shamba halina muhogo. Shahidi huyo alikuwa jirani yetu. Neno lile lilikuwa na maana moja tu katika tembe yetu, nami nilijua, lakini nilikuwa darasa la sita na nilijiona mkubwa kuliko kueleza. "Mambo ya shule," nilirudia, nikapandisha vibuyu uchagani.

Baada ya wiki mbili nilifungua. Kibuyu cha majivu kilikuwa na punje mbili zenye matundu. Nikamwaga shahidi kwenye ungo. Punje zote zilikuwa nzima. Ziling'aa.

Nimefikiria dakika ile mara nyingi kuliko siku ya msiba wowote. Sikuona jambo la kuuliza. Niliona kosa, na niliona ni langu. Shuleni wenzangu walikuwa wamekwisha kusema: sita, kumi na moja, tisa. Wangu ndiye peke yake aliyekataa. Nikadhani labda niliziba vibaya, au nilichanganya vibuyu. Nikarudisha mtama, nikaziba kwa kinyesi cha ng'ombe kama tulivyokubaliana, nikachukua rula, nikaandika: nane.

Sikukifungua tena. Wiki ya nne niliandika kumi na saba. Wiki ya sita, ishirini na tisa. Wiki ya nane, arobaini na moja. Jedwali langu lilikuwa zuri kuliko yote, mistari miwili miwili, na wino haukumwagika hata mara moja.

Jioni ya kuamkia maonyesho nilikumbuka kwamba kibuyu chenyewe kitafunguliwa mbele za watu. Nilikwenda kwa jirani, nikaomba mtama ulioharibika nikisema ni wa kuku. Nikamwaga mtama wa shahidi kwenye kihenge cha Mama bila kuutazama, nikajaza ule mbovu. Nilichambua punje mia moja za juu. Nilihakikisha arobaini na moja zina matundu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne na nilikuwa nikifanya uongo kwa uangalifu ambao sijawahi kuufanyia ukweli.

Siku ya maonyesho meza zilipangwa uwanjani, kila mtoto na vibuyu vyake viwili na karatasi yake. Wazazi walisimama nyuma ya kamba. Mwalimu alikuwa amepiga pasi koti. Bwana Shamba, masikio yake mekundu kwa jua, alipita meza nane akimwaga, akihesabu, akilinganisha na karatasi. Namba zilikaribiana. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nilimwona Mwalimu akianza kuhesabu kwa vidole mgongoni mwake: sita, saba, nane.

Mimi nilikuwa wa tisa.

"Nani amechora hii?"

"Ni mimi, Bwana."

"Nzuri sana."

Akamwaga shahidi kwenye ungo. Alihesabu mia moja polepole, akazigeuza kwa kidole. Akamwaga tena mia nyingine. Punje zilikuwa nzima, nyeupe, kubwa, zile ambazo mtu huchagua moja moja akiwa ameketi.

"Sioni tundu," alisema. "Karatasi inasema arobaini na moja."

Nilikuwa sijui matundu yamekwenda wapi. Kweli, sikujua. Sauti ikatoka nyuma ya kamba, nami nikaijua kabla sijageuka.

"Bwana, shahidi huyo ni msafi," Mama alisema. Alikuwa amevaa khanga yake ya kanisani. "Nimemchagua mwenyewe, punje kwa punje. Leo asubuhi mtoto alipokwenda kisimani nilimkuta amejaa fukusi, nikamsafisha tena, kama nilivyomsafisha mara ya kwanza. Nyumba yetu haina mbegu chafu."

Watu walicheka. Mtu mmoja alisema, "Shahidi kaogeshwa," wakacheka zaidi. Mama naye akatabasamu, akidhani wanafurahi pamoja naye. Alidhani ameniokoa.

Bwana Shamba hakucheka. Alimgeukia Mwalimu.

"Na hawa wengine? Mama zao nao wamechagua?"

"Sidhani, Bwana."

"Ulikuwapo wakihesabu?"

Mwalimu angeweza kusema ndiyo. Watoto kumi na mmoja walihesabu kweli, naamini hivyo mpaka leo, na neno moja tu lingetosha.

"Hapana, Bwana. Walihesabu majumbani kwao."

"Basi uliambiwa," Bwana Shamba alisema, akafunga kitabu chake.

Yaliyofuata ni mafupi kuyasimulia. Mbegu zilikwenda ghalani. Paa la ghala lilikuwa na tatizo upande mmoja, na mvua za kwanza ziliwahi. Tulipogawiwa, tulipewa kitu chenye harufu ya uyoga. Watu walipanda hivyo hivyo, wakapanda mara ya pili, kisha hawakuwa na cha kupanda. Mwaka uliofuata tulikula mizizi na majani ya mlenda mpaka midomo ikawa ya kijani. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa hajatimiza miaka miwili. Walisema ni surua, na vipele niliviona kweli. Lakini niliona pia mikono yake, ilivyokuwa kabla ya surua.

Mama hakunilaumu hata mara moja, na mimi sikumweleza hata mara moja shahidi maana yake nini. Nilijiambia kwamba nikimweleza nitamwongezea mzigo. Kusema kweli niliogopa asije akauliza kwa nini sikumweleza siku ile ya kwanza, nilipokuwa na mkaa mkononi.

Baba alinitoa shule. "Kalamu yako tumeiona," alisema, hakuongeza. Tangu hapo ninajifunza mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari na kamusi isiyo na kurasa za mwanzo, kwa hiyo kwangu lugha inaanzia herufi D. Mwalimu alipewa uhamisho kabla mwaka haujaisha. Alipelekwa shule ya porini kufundisha darasa la kwanza. Siku ya kuondoka alipita kwetu kuaga. Mama alimpa yai la kuchemsha. Mimi nilijificha nyuma ya zizi mpaka nilipoona koti lake limeshuka mtoni.

Kiangazi kilichopita, mjomba wangu alipeleka mtama Sekenke kuwauzia wachimbaji wa dhahabu, nikafuatana naye. Huko nikasikia kwamba kuna mwalimu mzee anaishi kwa binti yake, chini ya mlima, kwenye moja ya nyumba zile za zamani za vibarua wa mgodi. Nilisema moyoni kwamba nimeambiwa tu. Nikaenda kuona.

Alikuwa ameketi juu ya gogo, koti lileule, likiwa limebaki uzi. Macho yake yalikuwa na ukungu. Bega lake moja lilishuka kuliko lingine, na alikohoa akijishika ubavu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

Nikataja jina langu.

"Mwandiko mzuri," alisema.

Binti yake aliniletea kigoda na uji. Tuliongea habari za mvua, kama ilivyokuwa desturi yake, na habari kwamba Waingereza wanasemekana wataondoka karibuni. Nilimngoja aulize kama nimeona au nimeambiwa. Hakuuliza. Ndipo nikasema yote: nane, kumi na saba, ishirini na tisa, arobaini na moja, mtama wa jirani, punje nilizozichambua. Nilisema haraka, nikitazama miguu yake. Nikamwambia kwamba mdogo wangu alikufa, kwamba yeye alihamishiwa porini, na kwamba yote yalitoka kwangu.

"Namba zako nilizijua tangu wiki ya sita," alisema.

Sikuelewa.

"Za wenzako zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Wadudu hawatembei kwa ngazi, za kwako zilipanda ngazi. Nilikaa na karatasi yako jioni nzima. Nilitakiwa kukuita." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Sikukuita. Nilitaka kumi na wawili. Kumi na mmoja wangetosha, mtu yeyote mwenye akili angeamini kumi na mmoja. Lakini nilitaka jedwali lijae. Kwa hiyo usibebe mzigo huu peke yako. Hata hivyo, kuubeba ubebe."

Akamwita binti yake alete boksi. Ndani yake mlikuwa na daftari la shule, jalada limeliwa pembeni na mchwa. Akanipa.

"Siwezi kusoma tena. Fungua palipo na jani la mtama. Nisomee."

Nikamsomea. Majina kumi na mawili, moja chini ya jingine, na namba nne mbele ya kila jina. Nilipofika la tisa nikasita. Jina langu lilikuwapo. Mbele yake karatasi ilikuwa imekwaruzwa kwa wembe mpaka ikawa nyembamba, namba zote nne zimeondolewa.

"Pamefutwa, Mwalimu."

"Nilifuta mimi, usiku wa siku ya maonyesho. Miaka yote hii nimekuwa nikitaka kujua." Akaingiza mkono katika mfuko wa kulia, akapapasa, akanipa kipande cha penseli. "Siku ile ya kwanza, wiki ya pili, ulipomwaga shahidi kwenye ungo. Mama yako alikuwa amechagua, sawa. Lakini fukusi wadogo wanakaa ndani, jicho la mama haliwaoni siku ya kuchagua. Wiki mbili zinatosha watoboe. Lazima palikuwa na moja, mbili, tatu. Zilikuwa ngapi?"

Nilishika penseli. Niliuona ungo, niliuona mng'ao wa zile punje, niliona mkono wangu ukizirudisha kibuyuni upesi upesi kabla Mama hajaingia.

"Sikuhesabu, Mwalimu."

"Hata kidogo?"

"Niliona ni safi, nikaogopa, nikaziba."

Alitikisa kichwa polepole. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyetembea mbali kufuata maji akakuta kisima kimekauka, na sasa anafikiria njia ya kurudi. Kuku walikuja miguuni kwetu, binti yake akawafukuza.

Mimi bado nilikuwa nimelishika daftari. Pale palipokwaruzwa palinisumbua, peupe, kati ya namba za wenzangu zilizojaa juu na chini. Nikamuuliza kama nichore walau kistari, ili nafasi isibaki wazi.

"Kistari nacho ni jibu," alisema. "Wewe huna jibu."

Nikamrudishia penseli yake.